Manowari za Kukodi: Pambano la Campeche, 1843

Septemba 1841 mjumbe wa Yucatán, Martín Francisco Peraza, alifika Austin, mji mkuu wa Jamhuri ya Texas, akiwa na ombi ambalo wenyeji wake hawakuwa na sababu ya kulikataa. Yucatán ilitaka kukodi manowari. Haikuja kununua wala kuomba msaada wa kindugu. Ilitaka kukodi, kama mfanyabiashara anavyokodi jahazi la kupakia mzigo wake, na walioafikiana waliandika bei: dola 8,000 kwa mwezi kwa merikebu tatu za Texas, ambazo zingelinda pwani ya Yucatán dhidi ya Meksiko.

Hazina ya Texas ilikuwa tupu. Noti zake zilikuwa zimeporomoka mpaka dola ya karatasi haikununua hata robo ya kile ilichonunua dola ya fedha. Merikebu zake za kivita, zilizoagizwa kwa mkopo katika karakana za Baltimore, zilikuwa zinaoza bandarini Galveston kwa kukosa mishahara, kamba na matanga. Kuzipeleka kusini zikalishwe na mtu mwingine ilikuwa neema. Nalisema hili mapema kwa sababu pambano la Campeche husimuliwa mara nyingi kama hadithi ya ushujaa wa matanga dhidi ya mvuke, na ushujaa ulikuwepo kweli. Ila ukifuata fedha, nani alimlipa nani na nani hakulipwa, unaelewa zaidi kilichotokea.

Texas na Yucatán zilikuwa zimeasi serikali moja kwa sababu inayofanana. Katiba ya Meksiko ya 1824 iliyapa majimbo mamlaka mapana. Katikati ya miaka ya 1830 Jenerali Antonio López de Santa Anna na wenzake waliokuwa wakitaka serikali kuu yenye nguvu waliifuta, wakayageuza majimbo kuwa wilaya ambazo watawala wake waliteuliwa kutoka Mexico City. Majimbo kadhaa yaliinuka. Mengi yalizimwa. Texas haikuzimika: tarehe 21 Aprili 1836, huko San Jacinto, jeshi la Sam Houston liliwakuta Wameksiko wamepumzika mchana na kuwashinda kwa dakika zisizofika ishirini, na kesho yake Santa Anna mwenyewe akakamatwa akiwa amevaa nguo za askari wa kawaida. Meksiko haikuutambua uhuru huo kamwe.

Hapa msomaji asikimbilie kushangilia. Walowezi waliojitangazia uhuru Texas wengi walitoka majimbo ya kusini ya Marekani na walikuja na watumwa wao. Meksiko ilikuwa imetangaza kufuta utumwa mwaka 1829, chini ya Rais Vicente Guerrero, ambaye mwenyewe alikuwa na damu ya Kiafrika. Katiba ya Texas ya 1836 iliulinda utumwa na kumkataza mtu mweusi aliye huru kuishi nchini bila idhini ya bunge. Hiyo ndiyo jamhuri ambayo bendera yake ya nyota moja ilipeperushwa Campeche kwa jina la uhuru.

Yucatán ilikuwa habari nyingine. Rasi hiyo iko mbali na Mexico City kiasi kwamba wakazi wake waliizoea Havana kuliko mji wao mkuu, na wengi wao walikuwa Wamaya. Vita vya Texas vyenyewe viliwafikia kwa namna ya uchungu: vijana wa Yucatán walisombwa na kupelekwa kaskazini kupigana na waasi, na katika baridi ya Februari 1836 kadhaa miongoni mwao, watu wa nchi ya joto waliovaa nguo nyepesi, walikufa kwa kuganda wakiwa njiani. Mwaka 1839 ofisa wa wanamgambo, Santiago Imán, aliasi huko Tizimín. Peke yake hakufika mbali. Alipowaahidi Wamaya kwamba watasamehewa tozo walizolipa kanisani, walimjia kwa maelfu wakiwa na mapanga na bunduki za kuwindia, na mwaka 1840 majeshi ya serikali kuu yakafukuzwa kutoka rasi nzima. Mwaka uliofuata Yucatán ilijiandikia katiba yake, kazi ya mwanasheria Manuel Crescencio Rejón, ambayo wanasheria wa Meksiko huisifia mpaka leo kwa kumpa raia haki ya kukimbilia mahakamani kujikinga na serikali. Ahadi ya Imán kwa Wamaya tuikumbuke.

Nchi hizi mbili ziliunganishwa hata na mtu. Lorenzo de Zavala, mzaliwa wa Yucatán na mwanasiasa mkubwa wa Meksiko, alihamia Texas, akatia saini tangazo la uhuru, akawa makamu wa rais wa kwanza wa serikali ya mpito. Alikufa Novemba 1836. Texas iliipa jina lake meli yake pekee ya kivita ya mvuke.

Aliyeongoza jeshi la maji la Texas alikuwa Komodoa Edwin Ward Moore, mzaliwa wa Alexandria, Virginia. Aliingia jeshi la maji la Marekani akiwa kijana mdogo, akafika cheo cha luteni, kisha akaona kwamba mbele yake kuna foleni ndefu ya wakubwa wasiotaka kustaafu. Mwaka 1839, akiwa na umri wa miaka 29, alijiuzulu na kwenda kuongoza jeshi la maji la nchi isiyokuwa na fedha. Alikuwa hodari, mwenye hasira za haraka na mwenye kuandika barua ndefu mno za kujitetea. Mwaka 1840, akishirikiana na waasi wa Tabasco, aliingia mtoni mpaka San Juan Bautista na kutoka na dola 25,000 za malipo, ambazo alizitumia kulisha mabaharia na kukarabati merikebu. Tangu hapo alijua kwamba jeshi lake litaishi kwa kujitafutia.

Bahati mbaya yake ilikuwa marais wake. Mirabeau Lamar, aliyetawala kuanzia 1838, alipenda manowari na ndoto kubwa. Sam Houston, aliyerudi madarakani baada yake, aliziona manowari hizo kama shimo la kutupia fedha. Houston aliapishwa tarehe 13 Desemba 1841. Siku hiyohiyo Moore aling'oa nanga Galveston kwenda Yucatán, kwa amri ya rais aliyekuwa anaondoka. Houston alituma amri ya kumrudisha, lakini ilimkuta akiwa keshafanya miezi kadhaa ya kazi aliyolipiwa.

Mwaka 1842 ulikuwa mbaya kwa Moore kupita kiasi. Februari, mabaharia wa merikebu yake San Antonio, iliyokuwa imetia nanga New Orleans, waliasi na kumuua Luteni Charles Fuller. Miezi michache baadaye San Antonio hiyohiyo ilitumwa Yucatán kudai malipo, ikaingia katika dhoruba, haikuonekana tena. Meli ya mvuke Zavala, ambayo ingekuwa silaha yake bora, iliachwa bila matengenezo mpaka ikaanza kuzama Galveston ikabidi ikwamishwe kwenye kina kifupi. Bunge la Texas lilipitisha fedha za jeshi la maji, Houston hakuzitoa. Moore alikaa New Orleans akikopa kwa jina lake mwenyewe: unga, nyama ya chumvi, baruti, turubai.

Wakati huo upande wa pili ulikuwa unanunua, nao kwa mkopo. Meksiko iliagiza Uingereza manowari mbili za mvuke. Moctezuma ilikuwa ya mbao. Guadalupe, iliyoundwa katika karakana ya Laird huko Birkenhead, ilikuwa ya chuma kuanzia mkuku hadi sitaha, na ilipoteremshwa majini mwaka 1842 ilikuwa miongoni mwa meli kubwa zaidi za chuma duniani. Karakana hiyo ndiyo iliyomuundia David Livingstone meli yake ya mtoni Ma Robert, aliyokuja nayo Zambezi mwaka 1858, na kwa waliosoma jinsi Ma Robert ilivyovuja na kumwaibisha, ni vizuri kujua kwamba Guadalupe ilikuwa chombo cha daraja lingine. Manowari zote mbili zilibeba mizinga ya ratili 68 yenye uwezo wa kurusha makombora yanayolipuka, uvumbuzi wa Mfaransa Paixhans ambao mabaharia wa merikebu za mbao waliuogopa kuliko kitu chochote. Mjumbe wa Texas huko London, Ashbel Smith, alilalamika. Serikali ya Uingereza iliwaruhusu maofisa wake kuchukua likizo na kwenda kuziongoza: Edward Charlewood alishika Guadalupe, Richard Cleaveland akashika Moctezuma, na wengi wa waliohudumia mizinga na mitambo walikuwa Waingereza vilevile.

Kwa hiyo jeshi la serikali kuu lilikuwa la kukodi, na jeshi la waasi lilikuwa la kukodi.

Santa Anna, aliyekuwa amerudi madarakani, alianza na Yucatán. Agosti 1842 majeshi yake yaliteka kisiwa cha Carmen, na kabla ya mwaka kwisha yalikuwa yameizingira Campeche. Mji huo ulijengewa kuta nene mwishoni mwa karne ya 17 baada ya kuchoshwa na maharamia, na kuta hizo sasa zilipata kazi mpya. Wameksiko walishika vilima na kijiji cha Lerma na kuupiga mji kwa mizinga miezi na miezi. Ila kilichoilinda Campeche kuliko kuta ni bahari yake. Sakafu ya bahari pale inateremka polepole mno. Chombo kikubwa hutia nanga maili kadhaa kutoka ufukweni, na anayejaribu kusogea bila rubani anayeyajua mafungu hukwama. Manowari za mvuke ziliufunga mji kutoka mbali. Hazikuweza kuusogelea.

Februari 1843 Yucatán ilimrudia Moore na masharti yaleyale ya dola 8,000 kwa mwezi. Moore alikubali. Alichokuwa hajakijua ni kwamba mwezi Januari bunge la Texas, katika kikao cha siri, lilikuwa limepitisha sheria ya kuliuza jeshi lote la maji. Houston alituma makamishna New Orleans kuzichukua merikebu. Moore aliwapokea kwa adabu, akawaeleza hali ilivyo, na mmoja wao, James Morgan, akageuka kabisa. Alikubali kwamba kuziacha Guadalupe na Moctezuma zimalize kazi Campeche ni kuzikaribisha Galveston baadaye. Kamishna aliyetumwa kuzinadi merikebu akapanda mojawapo, iliyoitwa Austin kama mji mkuu, na kwenda nazo vitani. Katika hadithi nzima sijaona kituko kinachonifurahisha kuliko hiki.

Merikebu zilikuwa mbili tu zilizobaki na afya. Austin, ya milingoti mitatu na mizinga 20, ilikuwa chini ya Moore. Wharton, ndogo zaidi, yenye milingoti miwili, iliongozwa na John Lothrop. Mizinga yao mingi ilikuwa ya ratili 24 au 18, ya masafa mafupi na ya kati. Ziliondoka New Orleans katikati ya Aprili. Kufikia wakati huo mambo ya nchi kavu yalikuwa yameanza kumgeukia Santa Anna: kikosi chake kilichotumwa kuiteka Mérida kilikwama, kikazingirwa, na mwishoni mwa Aprili kikasalimu amri huko Tixpéhual kwa sharti la kuondoka kwenye rasi. Hili halitajwi vya kutosha na wanaosimulia vita vya baharini. Nusu ya vita ilikuwa imekwisha kabla Moore hajafyatua mzinga.

Alfajiri ya tarehe 30 Aprili Austin na Wharton zilikutana na meli za Meksiko nje ya Campeche. Vyombo vidogo vya Yucatán, vikiongozwa na James Boylan ambaye zamani alitumikia jeshi la maji la Texas, vilitoka kuwaunga mkono. Walirushiana makombora kwa saa kadhaa, upepo ukalegea, kila upande ukarudi nyuma. Waliokufa upande wa Texas walikuwa wachache, mji ukapata njia ya bahari, na watu wa Campeche wakajipanga juu ya kuta kushangilia. Moore aliingia bandarini na, kwa kuwa amejionea mizinga ya Meksiko ilivyompiga kutoka mahali yeye asikofika, akaomba jambo la maana: mizinga mirefu kutoka ngome za mji. Alipewa. Mabaharia walikaa siku kadhaa wakiipakia na kuifunga sitahani, kisha wakakaa wakingoja upepo.

Kungoja huko ndiko kiini cha jambo. Merikebu ya matanga katika pwani hiyo huishi kwa pepo mbili. Umande hutoka nchi kavu usiku na asubuhi, kisha hufa, panakuwa shwari, mchana upepo wa baharini huingia kutoka upande wa pili. Moore alihitaji umande wenye nguvu ya kumfikisha kwa adui na udumu mpaka amkaribie, kwani akifika karibu, mizinga yake ya pembeni ikipiga kwa pamoja, ingeweza kuzivunja hizo meli za mvuke kwenye magurudumu yao makubwa ya ubavuni, yaliyokuwa wazi na rahisi kuumia. Makamanda wa Meksiko walilijua hilo vizuri. Mkuu wao mpya, Tomás Marín, aliyemrithi Francisco de Paula López, alikuwa na chombo kinachokwenda kinakotaka hata pasipo upepo. Kazi yake ilikuwa kukaa mbali.

Tarehe 16 Mei umande ulikuja. Austin na Wharton zilitoka zimetandaza matanga yote. Meli za Meksiko zilirudi nyuma kuelekea bahari kuu, zikiwavuta Watexas mbali na maji mafupi na mbali na kuta. Kisha, kama ilivyotarajiwa, upepo ukafa. Fikiria hali ya sitahani wakati huo: matanga yananing'inia, usukani haushiki kitu, jua la Mei limesimama utosini, na maili mbili hivi mbele yako meli mbili zinatoa moshi na kugeuka polepole kuchagua pembe ya kukupiga. Kombora la ratili 68 huonekana likija. Mengi yalipita juu na kurarua kamba na matanga. Mengine yaliruka juu ya maji yakaishia baharini. Yaliyopata yalipata kweli.

Upepo wa baharini ulipoingia, Moore hakurudi. Aligeuza Austin na kwenda nayo kwa adui, akijaribu kujipenyeza kati ya Guadalupe na Moctezuma ili apige kwa pande zote mbili. Kwa muda fulani mizinga ya kuazima na ile yake mwenyewe ilifika, na meli za mvuke zilipigwa. Wharton, nzito kwa mwendo, ilishindwa kumfuata karibu, na kwa hiyo Austin ilibeba mzigo karibu peke yake. Kamba za milingoti zilikatwa moja baada ya nyingine. Makombora yalitoboa ubavu chini ya mstari wa maji, ngama ikajaa, na watu waliohitajika kwenye mizinga ikabidi wapelekwe kufua maji. Alasiri Moore alirudi kwenye maji mafupi ya Campeche, ambako Guadalupe na Moctezuma hazikuthubutu kumfuata. Austin ilikuwa na watu watatu waliokufa na zaidi ya ishirini waliojeruhiwa. Wharton ilikuwa na wawili waliokufa. Watexas walitangaza kwamba wameua makumi ya Wameksiko. Meksiko ilikiri idadi ndogo zaidi. Pande zote mbili zilitangaza ushindi.

Mara nyingi huandikwa kwamba hii ni mara pekee katika historia merikebu za matanga kuzishinda meli za mvuke. Sidhani kama dai hilo linasimama. Aliyerudi bandarini na maji ngamani ni Moore, na meli za mvuke zilibaki baharini zikielea. Ukisema Meksiko ilishinda pia utakosea, maana ilikuwa na manowari mbili za kisasa kuliko yoyote ya adui, siku ya shwari, mbele ya merikebu mbili za mbao, na haikuzamisha hata moja. Ninachokiona ni pambano ambalo kila upande ulikuwa na sababu nzuri ya kutohatarisha chombo chake. Moore akipoteza Austin, Texas haina jeshi la maji. Marín akipoteza Guadalupe, Meksiko imepoteza chombo ambacho bado kinadaiwa. Kilichoamua vita ni homa ya manjano iliyowapukutisha mabaharia wa meli za mvuke, jeshi lililosalimu amri Tixpéhual, na kufunguka kwa bahari kulikofanya kuizingira Campeche kusiwe na maana. Mwishoni mwa Juni 1843 Jenerali Pedro Ampudia aliondoa majeshi yake na kwenda zake.

Kwa mafundi wa Uingereza pambano hilo lilikuwa na maana nyingine kabisa. Wakubwa wa jeshi la maji la London walikuwa wakibishana kama manowari ya chuma inaweza kustahimili mizinga au itapasuka kama chungu. Charlewood alirudi na ushahidi wa macho yake. Alieleza kwamba makombora yaliyoipiga Guadalupe yaliacha matundu safi, rahisi kuzibwa, na hayakurusha vile vijiti vya mbao ambavyo katika merikebu ya kawaida huua watu wengi kuliko kombora lenyewe. Mjadala uliendelea miaka mingi baada yake, ila ripoti yake ilikuwa miongoni mwa za kwanza kutoka katika chombo cha chuma kilichopigana na manowari nyingine.

Moore alikuwa bado Campeche alipopata habari kutoka nyumbani. Tangu tarehe 23 Machi Houston alikuwa ametia saini tangazo la kumsimamisha kazi, kumshutumu kwa uasi na uharamia, na kuyaomba mataifa rafiki yamkamate na kumleta Galveston. Tangazo lilichapishwa Texas mwanzoni mwa Mei. Maana yake ni kwamba siku ile ya tarehe 16, alipoipeleka Austin katikati ya manowari mbili za adui, kwa mujibu wa rais wake alikuwa haramia, na kama Guadalupe ingemteka, Wameksiko wangeweza kumtundika kwa karatasi ya Houston mwenyewe.

Alirudi Galveston Julai 1843. Watu walijaa gatini, mizinga ikapigwa kumpokea. Moore, kwa ile tabia yake ya kupenda kuthibitisha jambo mpaka mwisho, alikwenda kwa afisa wa sheria wa mji kujisalimisha kama haramia. Afisa alikataa kumkamata. Houston alimfukuza jeshini pamoja na Lothrop. Serikali ilipojaribu kuzinadi merikebu, wenyeji wa Galveston walihakikisha hakuna mnunuzi wa maana. Moore alidai kushtakiwa hadharani, akaandika kijitabu kirefu kwa watu wa Texas, na mwaka 1844 mahakama ya kijeshi ikamtia hatiani kwa makosa machache madogo tu. Houston aliukataa uamuzi huo. Moore aliukubali na kujiona amesafishwa. Waliendelea kuchukiana.

Desemba 1845 Texas ilijiunga na Marekani, na mwaka 1846 jeshi lake la maji likakabidhiwa. Wakaguzi wa Marekani waliitazama Austin, wakaipeleka Pensacola, na huko ikavunjwavunjwa mwaka 1848. Nyingine ziliuzwa kwa bei ya kuni. Maofisa wa Texas walitaka waingizwe jeshi la maji la Marekani na vyeo vyao; wale waliokuwa wakingoja kupanda cheo Washington walipinga vikali, na mwaka 1857 bunge liliamua kuwalipa mishahara ya miaka mitano badala ya vyeo. Moore alikufa New York mwaka 1865. Guadalupe na Moctezuma nazo hazikubaki Meksiko: kabla ya muongo kwisha zilikuwa zimeuzwa kwa Hispania.

Kumbukumbu ya pambano hilo inayojulikana zaidi ni ya chuma, na ni ndogo kiasi cha kutosha kiganjani. Texas ilikuwa miongoni mwa wateja wa mwanzo wa Samuel Colt. Jeshi lake la maji lilinunua bastola zake za kuzunguka mwaka 1839, na baadaye bastola hizo zikahamia kwa askari wa mpakani waliozipatia umaarufu. Colt hakusahau. Alipotoa bastola yake ya mwaka 1851, alichoresha kuzunguka silinda yake kundi la merikebu zikipigana, matanga na moshi kwa mistari myembamba kama unywele, na tarehe: 16 Mei 1843. Zilitengenezwa zaidi ya 200,000. Katika pambano lenyewe bastola hazikuwa na kazi yoyote, kwani adui hakuwahi kufika umbali ambao risasi ya bastola ingemfikia.

Yucatán, iliyokuwa imelipa gharama, ilirudi Meksiko Desemba 1843 kwa mkataba uliohifadhi mamlaka yake ya ndani. Meksiko iliuvunja mkataba, na Yucatán ikajitenga tena mwanzoni mwa 1846. Safari hii viongozi wa Campeche na wa Mérida walikuwa wanagombana wenyewe, kila kundi likiwapa Wamaya silaha lipate kulishinda jingine. Wamaya walikuwa wamepigana kwa ajili ya Imán mwaka 1839 na dhidi ya Meksiko mwaka 1842 na 1843, kwa ahadi za kupunguziwa tozo na kupewa ardhi. Tozo ziliendelea kwa majina mengine. Ardhi za misitu zilizodhaniwa za jamii zao ziliuzwa kwa wakulima wakubwa wa miwa, na serikali yenye madeni ilizitumia kuwalipa wale iliowakopa. Julai 1847, baada ya kiongozi wao Manuel Antonio Ay kuuawa hadharani huko Valladolid, Wamaya wakiongozwa na Cecilio Chi na Jacinto Pat waliinuka. Kufikia Mei 1848 walishika sehemu kubwa ya rasi, na walowezi walikuwa wamesongamana Mérida na ndani ya zile kuta za Campeche.

Gavana Santiago Méndez alikuwa amekwisha andika barua kwa Marekani, Uingereza na Hispania, akiitoa nchi yake kwa yeyote atakayekuja kuiokoa. Mkwewe, Justo Sierra O'Reilly, alikuwa Washington akibisha hodi. Rais Polk alilipeleka jambo hilo bungeni na halikufika popote. Aliyejibu ni Meksiko, iliyokuwa imeshindwa vita na Marekani na kuanza kupokea fidia ya dola milioni 15: ilileta fedha na bunduki, na tarehe 17 Agosti 1848 Yucatán ikarudi chini yake, safari hii bila masharti ya kujivunia.

Miezi michache baadaye, Machi 1849, serikali ya Gavana Miguel Barbachano ilianza kuwasafirisha Wamaya waliotekwa vitani kwenda Havana kufanya kazi mashambani kwa mikataba ya miaka kadhaa, yenyewe ikipokea malipo kwa kila kichwa. Usafirishaji huo uliendelea, kwa vipindi na chini ya magavana tofauti, mpaka Rais Benito Juárez alipoupiga marufuku mwaka 1861.